Mtu Tuliyemkaribisha Futari

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama husema nilitoka tumboni nagomba. Kwa hiyo anayetaka kusikia habari hizi kwa sauti laini akatafute mwingine wa kumsimulia. Upole wa ukoo wetu wote aliuchukua mdogo wangu, na upole huo huo ndio uliomponza.

Kwetu ni Kariakoo, katika moja ya nyumba chache za zamani zilizobaki: vyumba sita, korido katikati, uani bomba na jiko, mbele baraza. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa. Wanunuzi wamekuja na mabegi yao mpaka wamechoka, mama anawaambia nyumba ya baba yake haiuzwi, waende salama. Mimi ni mjane, wanangu wameshaolewa, naishi na mama na huyo mdogo wangu ambaye hakuwahi kuoa. Cherehani yangu iko barazani, nashona madera. Ukikaa pale unauona mtaa wote: wauza mabegi, wauza vyombo, vipaza sauti vya madukani vinavyorudia maneno yale yale kutwa nzima, machinga wanaokimbia na meza zao kichwani mgambo wakitokea. Watu hawakatiki pale.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa sekondari. Aliacha kazi baada ya mwanafunzi wake mmoja wa zamani, aliyekuwa akiuza viatu vya mtumba Mchikichini, kuchukuliwa na watu ambao hawakusema ni nani. Kijana yule alirudi baada ya muda mrefu akiwa anaburuta mguu, na ukimuuliza alikuwa wapi anaangalia chini. Tangu hapo mdogo wangu akawa mtu wa kwenda vituo vya polisi na akina mama waliopotelewa na watoto. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anauliza mambo mawili tu, yuko wapi na kosa lake nini, halafu anakaa kwenye benchi anangoja jibu. Wakimfukuza anaenda, kesho yupo tena. Watu wakamfuata. Kila Jumapili uani kwetu palikuwa pamejaa, machinga, waendesha bodaboda, akina mama lishe, mpaka tunakosa pa kuanika nguo.

Mimi nilikuwa naogopa, nisiwe muongo. Siku moja nikamwambia, "Wewe, watakuchukua na wewe." Akacheka kile kicheko chake cha chini chini. Akasema, "Dada, mimi sina silaha, wala sina mjomba serikalini. Nina watu tu. Wakitaka kunichukua itabidi kwanza waniondolee watu." Nikatazama mtaa ule uliojaa pomoni, nikaona kweli, nani atamtoa mtu hapa katikati ya wenzake? Nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa nimetulia kidogo.

Kati ya akina mama wale mmoja ni shoga yangu tangu tukiwa wasichana. Anakaanga samaki pale kwenye kona, hatua chache kutoka barazani kwetu. Kitinda mimba wake alikuwa fundi pikipiki Buguruni, na alikuwa ndiye msemaji wa waendesha bodaboda wa pale walipokuwa wakilalamika kukamatwa ovyo. Mchana mmoja gari lilisimama mbele ya gereji, akaingizwa ndani na spana bado mkononi. Hajaonekana tena. Mdogo wangu alizunguka na shoga yangu vituo vyote vya mji huu, kila mahali hayupo, hayupo. Mwisho wakapata wakili wa kuwasaidia, yakaandaliwa maombi ya kuitaka serikali imlete yule kijana mbele ya jaji au iseme alipo. Muombaji alikuwa ni shoga yangu mwenyewe, kama mama. Bila yeye kusimama, hakuna kesi.

Hapo ndipo tulipoanza kuonja joto ya jiwe. Kwanza yalikuwa mambo ya kuudhi tu. Tumekodi ukumbi, siku ya mkutano mwenye ukumbi anasema umeshapewa wengine. Tunapeleka karatasi kwenye steshenari ya jirani, mwenye duka anatazama pembeni: "Fundi, nisamehe, nimepigiwa simu." Mgambo walikuja kuniuliza leseni ya cherehani, mimi peke yangu, na mtaa ule una mafundi cherehani kila mlango. Niliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Simu ya mdogo wangu nayo ikawa na mambo yake. Ukimpigia unajisikia mwenyewe unaongea kama uko ndani ya mtungi.

Kisha akaja dalali.

Alijiita dalali wa vyumba. Mtu wa makamo, shati limenyooshwa, viatu visafi, adabu tele. Akawa anakaa kwa muuza kahawa upande wa pili, tangu asubuhi. Sasa mimi nimezaliwa Kariakoo, dalali namjua. Dalali ana simu mbili na zote zinaita, dalali anagombana, dalali anakimbia mbele ya mteja huku anatukuza chumba kinachovuja. Huyu hata siku moja sikumuona na mteja. Anakunywa kahawa, anakula kashata, anatazama mlango wetu. Akipita barazani anamwinamia mama: "Shikamoo mama." Na mama, maskini, "Marahaba mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo?" Alimpenda. Akaniambia vijana wa siku hizi hawana adabu kama ile.

Nikamwambia mdogo wangu kuna mtu simuelewi. Akanijibu hata bila kuinua kichwa kwenye gazeti, "Namjua. Nilimuona kituoni. Alitoka chumba cha ndani, askari wakasimama wima."

"Ebo! Na umekaa kimya?"

"Nifanyeje? Nimfukuze barabarani? Barabara si yangu."

Nikachukua mkasi wangu nikasema basi mimi nitamfukuza. Akanishika mkono, akaniambia kaa, dada. Nikakaa, lakini mkasi sikuuweka chini.

Ramadhani ikaingia. Mtaa wetu, pamoja na maghorofa yote hayo, bado una mila yake moja ambayo haijafa. Wanaume hawafuturu ndani. Mkeka mkubwa unatandikwa barazani kwetu, kila nyumba ya wenyeji inatoa sinia lake, na wauza maduka Waarabu wa mwanzoni mwa mtaa nao huleta tende na sambusa. Adhana ya magharibi ikilia, mtu yeyote anayepita anaitwa: karibu futari. Awe mchukuzi wa mizigo, awe tajiri, awe hata hakufunga. Ukiitwa ukakataa, umetutukana. Na mwenyeji akimuona mtu amesimama asimuite, basi nyumba ile imekwisha, itasemwa mpaka kwa wajukuu.

Siku ya kwanza adhana ikalia, dalali kasimama pale kwa muuza kahawa, mikono nyuma. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga. Nikasema kwa sauti ya chini, "Muache ale vumbi." Mdogo wangu akanyanyuka, akavuka barabara, akamshika mkono kama mtu anavyomshika shemeji yake, akamleta mkekani. Akampa tende. Yule mtu akasema bismillahi, akala.

Baadaye nilimvamia mdogo wangu jikoni. Alinijibu kwa utani kwanza, kwamba ni afadhali amsikilize akiwa karibu, asije akakosea kuandika. Alipoona nakaribia kulia kwa hasira akaacha kucheka. Akasema, "Dada, mtu akishakaa kwenye mkeka wa mama hafukuzwi wala haumbuliwi. Nikimuumbua yeye nimemuumbua mama. Na yule katumwa tu. Akila na sisi mwezi mzima, huenda siku ya siku mkono ukamuwia mzito." Nikamwambia basi angalau awaambie wenzake wa Jumapili, amwambie shoga yangu. Akakataa. Mgeni anasitiriwa, akasema, na wewe usimwambie mtu. Nikanyamaza, kwa sababu ni yeye aliyeniomba.

Basi akawa mgeni wetu. Alikuja karibu kila siku, hata Jumapili, wale vijana wa uani walipobaki kufuturu na mazungumzo yao yakiendelea pale mkekani. Ikajulikana kwao ni bara, na kabila lake na letu ni watani wa tangu na tangu, basi tena, ulimi ukafunguka. Anachukua kaimati kwenye upande wa mdogo wangu bila kuomba, anasema, "Nyie wa Pwani mnajua kula tu, kazi hamjui." Mdogo wangu anamjibu, "Na nyie mlikuja Pwani na pembe vichwani, mkaonja nazi, njia ya kurudi mkaisahau." Mkeka mzima unavunjika mbavu. Utani ndivyo ulivyo, mtani hata msibani anakunyang'anya sahani na huna la kusema. Siku moja alizidisha maneno, mdogo wangu akachukua kaimati akamtia mdomoni kwa mkono wake: "Haya, ziba hilo domo!" Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi mwenyewe nilicheka, nikasahau ni nani.

Na shoga yangu, kila jioni, alikuwa akileta sahani ya samaki mkekani. Wale wazuri, aliowachagua asubuhi sokoni feri, sio wale wa kuuza. Alikuwa akiniambia, "Shoga, nawalisha wageni ili na mwanangu huko aliko apate wa kumlisha." Sahani ile ikiwekwa, mimi nilikuwa naingia ndani. Sikuweza kutazama mkono wa dalali ukimega samaki yule.

Idd ilipopita dalali hakuonekana tena. Muuza kahawa akauliza ameenda wapi, hakuna ajuaye. Mama akasema labda amesafiri kwao, Mungu amfikishe salama.

Wiki hizo hizo wakakamatwa vijana wa uani kwetu, wale wa mstari wa mbele, mmoja mmoja. Hawakukaa sana. Waliporudi walikuwa hawana alama ya kipigo, na hilo lenyewe lilitushangaza. Lakini hawakuja kutusalimia. Baadaye nikasikia walichofanyiwa: walikalishwa kwenye viti, wakapewa soda, wakasomewa maneno yao wenyewe waliyoyasema mkekani kwetu, neno kwa neno. Wakaulizwa, "Mnadhani haya tumeyapata kwa nani?" Halafu wakarudishiwa simu zao, wakaambiwa nendeni nyumbani.

Na kabla hawajajiuliza vizuri, picha ikaingia kwenye magrupu ya simu. Imepigwa kutoka juu, kwenye ghorofa la upande wa pili. Mdogo wangu amecheka meno yote nje, mkono wake uko mdomoni mwa dalali. Kando yake picha nyingine, dalali huyo huyo kavaa sare na nyota begani. Chini wameandika: kiongozi wenu akimlisha bosi wake. Haikujulikana nani aliyeanza kuituma. Kila mtu alikuwa ametumiwa na mwenzake.

Mtume! Mtaa ulivyogeuka! Watu niliowashonea nguo za arusi walianza kupita barazani wakitazama simu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, wakihakikisha nimesikia. Lisemwalo lipo. Ukweli kwamba kila mwanaume wa mtaa ule alikula na dalali kwenye sinia lile lile, huo hakuna aliyeukumbuka. Niliwakumbusha mimi, kwa sauti, nimesimama katikati ya barabara na tepu yangu shingoni. Nikamtaja mmoja mmoja na alichokula. Wakasema mama fundi anatetea ugali wake.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alipanga viti uani kama kawaida. Walikuja wachache, nao walibaki wamesimama. Mmoja wa wale vijana akamuuliza, "Mwalimu, nijibu neno moja tu. Ulikuwa unajua yule ni nani?"

Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na ukatuacha tukaongea mbele yake?"

Akajaribu kuwaeleza. Mgeni, mkeka, stara, mama. Maneno yale yale yaliyonishinda mimi kuyapinga jikoni, pale uani yalisikika kama maneno ya mtu anayetafuta pa kutokea. Yule kijana hakupandisha sauti. Akasema tu, "Mwalimu, sisi tumefungwa," akatoka, wenzake wakamfuata. Mdogo wangu akabaki anakunja viti kimoja kimoja. Nilitaka kumsaidia, akaniambia niache tu.

Shoga yangu hakuja siku ile. Alikuja kesho yake, mchana, mikono bado ina unga wa samaki. Hakukaa. Akaniuliza kama anayemuuliza mtoto.

"Yule mtu alikula samaki wangu?"

"Alikula, shoga."

"Nyie mlikuwa mnamjua?"

Nikamwambia tulikuwa tunamjua.

"Huenda ni yeye aliyemchukua mwanangu. Huenda alimuacha mwanangu kafungwa mahali akaja hapa kula samaki wangu. Na wewe unaniona nakaanga, unaniona nachagua wale wazuri." Nikamshika bega, akaukwepa mkono wangu. Uongo wa mtaani ningeupigania mpaka kufa, lakini lile alilolisema yeye lilikuwa kweli. Akaondoka, na tangu hapo akawa ananipa mgongo pale kwenye kikaango chake.

Siku ya kesi ikafika. Mdogo wangu alivaa suruali yake nyeusi, nikampigia pasi shati. Alitoka mapema akapita kwenye kona kumchukua shoga yangu, akakuta kikaango kimefunikwa na mwenyewe hayupo. Akaenda akamngojea kwenye ngazi za mahakama. Wakili wa serikali akasimama, akamwambia jaji kwamba muombaji hakufika, inaonekana hana haja na maombi yake. Jaji akayatupa. Mdogo wangu aliporudi alivua viatu, akanywa maji glasi nzima, akamwambia mama kesi imeahirishwa. Mimi nikaanza kumsema shoga yangu. Akanikata, "Hana kosa. Usimseme." Na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani kunijibu kwa ukali.

Baada ya hapo alikuwa akitembea mtaani peke yake. Watu wanampisha njia. Alikuwa anasalimia, "Mambo vipi jamani," na wanamjibu poa kwa sababu salamu haikataliwi, basi. Aliendelea kwenda vituoni hata hivyo, lakini akina mama walikuwa hawamfuati tena, anakaa kwenye benchi mwenyewe. Nilimwambia ahame, aende kwa shangazi yetu Bagamoyo akapumzike. Akasema akihama sasa atakuwa amewathibitishia.

Walimchukua siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Jangwani maji yalikuwa yamejaa, barabara imefungwa, magari yote yamesongamana huku kwetu. Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa anakohoa, mdogo wangu akatoka na kandambili kwenda duka la dawa pale kwenye kona. Mimi nilikuwa uani natia mkaa kwenye pasi. Sikusikia kitu. Vipaza sauti vya maduka vilikuwa vinapiga kelele kama kila siku, bei ya vyombo, bei ya mashuka. Nilimaliza kupiga pasi dera zima ndipo nikajiuliza mbona harudi.

Aliyenijia alikuwa shoga yangu. Alisimama mlangoni, mtandio umelowa, hana viatu. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Akaniambia lilikuja gari jeusi, likakwama kwenye foleni pale pale mbele ya kikaango chake. Wakashuka wanaume, wakamshika mkono huku na huku, taratibu, kama watu wanaotembea na rafiki yao. Akapiga kelele. Yeye, mdogo wangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu utotoni, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Jamani, nachukuliwa! Watu wangu, nachukuliwa!" Na watu walikuwepo. Machinga walikuwepo, wachukuzi walikuwepo, wateja wamejaa wanajikinga mvua chini ya mabaraza. Mmoja akamjibu, "Nenda na wenzako, shushushu we!" Watu wakacheka. Foleni haikuwa inaenda, gari lilikaa pale muda wa kutosha mtu yeyote kufungua mlango. Hakuna aliyesogea.

"Aliniita," shoga yangu akasema. "Aliniona. Akasema dada, dada. Akanitazama mimi. Nikainama nikageuza samaki."

Kisha akasema, "Nipige."

Haki ya Mungu nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Nilimtukana yeye na watoto aliowazaa, na Mungu anisamehe kwa hilo, maana mmoja wao hajulikani alipo. Nililia huku natukana. Mama kutoka chumbani akauliza, "Nani huyo unamgombeza?" Nikamwambia hakuna mtu, mama. Shoga yangu alisimama tu, maji yanamchuruzika, ananingoja. Ndipo nikaona kwamba katika mji huu wote hakuna mtu mwingine anayejua njia ninayotakiwa kuipita. Nikamuuliza tuanzie kituo gani. Akasema tuanzie kile cha karibu, watatukatalia, lakini lazima tuanzie pale, ndivyo mwalimu alivyomfundisha.

Tumezunguka. Bado tunazunguka. Shoga yangu ndiye anayeongea, kwa sababu mimi nikiongea natukana, na wakikasirika wanafunga dirisha. Anauliza yale yale mawili, yuko wapi na kosa lake nini. Askari anamuuliza wewe ni nani yake, anajibu mimi ni dada yake, na huyu pia dada yake. Hayupo. Jina halipo. Hatuna mtu kama huyo. Tunakaa kwenye benchi tunangoja, wakitufukuza tunaondoka. Wengine hawaji na sisi. Nimekwenda kwa wale vijana wa Jumapili, nimewaomba kwa machozi, mimi ambaye simuombi mtu. Wananipisha kiti, wananipa maji, wanasema watafikiria.

Maana mtaani wameshapata jibu lao. Mteja mmoja juzi, nampima dera, ananiambia kwa furaha kabisa, "Hongera fundi. Nasikia kaka yako yuko Dodoma, kapewa cheo na gari." Mwingine anasema shemeji yake alimuona huko, kanenepa, anaishi nyumba ya serikali. Mwanzo nilikuwa nawatimua na kitambaa chao hakijashonwa. Nimepoteza wateja wengi kwa hilo.

Maneno hayo yakamfikia mama. Siku hizi hatoki tena, ila wageni wanaokuja kumjulia hali wanaingia nayo mpaka kitandani. Nikamkuta siku moja anamweleza jirani kwamba mwanawe yuko Dodoma, kazi nyingi, ndiyo maana hapigi simu. Jirani alipotoka nikafunga mlango, nikamwambia, "Mama, unajua hiyo si kweli. Mwanao hakuwa mtu wao." Akavuta shuka mpaka kifuani. Akasema, "Najua. Nimemzaa mimi. Lakini kama alikuwa mtu wao, basi yuko hai, na anakula."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye cherehani. Mtaa mzima nimeutukana kwa kumwita mdogo wangu shushushu, na nitaendelea kuwatukana. Lakini nikiwa peke yangu namuomba Mungu iwe kweli, awe alitudanganya sote tangu mwanzo, awe ana ofisi na gari na nyumba ya serikali, na ametusahau.